Mkwe Ndani ya Simu

Jumapili, Februari 2019. Alasiri. Theluji inayeyuka.

Leo kuna jua, na maji yanadondoka kutoka kwenye mapaa kana kwamba hakuna lililotokea. Katikati ya wiki baridi ilikuwa kali hata shule zikafungwa na barua hazikuletwa. Leo watu wanatembea na makoti wazi. Mji huu husahau haraka.

Nimekaa karibu na dirisha katika wodi ya wazazi, Minneapolis. Mama amelala. Nataka kuandika mambo ya wiki hii kwa mpangilio, kabla familia haijaanza kuyasimulia kwa namna yake.

Nina miaka kumi na sita. Naandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu darasani kwangu hakuna anayekisoma, na hilo hunipa uhuru nisio nao nikiandika Kiingereza. Majina yote nimeyabadilisha. Nilimwomba mama ruhusa. Akauliza kama uso wake utaonekana huko ndani ya kompyuta. Nikamwambia hapana. "Basi andika," akasema, "lakini usinifanye mujinga."

Nitajitahidi.

Sisi ni watu wa upande wa Fizi, Kongo. Mimi nilizaliwa kambini, Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kinafanana zaidi na cha Kigoma kuliko cha mama. Tunaishi Champlin, karibu na mto. Baba anafanya kazi kwenye ghala kubwa kule Shakopee, ambako simu huachwa kabatini mpaka zamu iishe. Dada yangu Furaha anapakia vifaa kiwandani Plymouth. Furaha ndiye mkubwa wetu, na mwaka huu anaolewa na kijana wa kanisani anayeitwa Elie.

Hapo ndipo mambo yanapoanzia, kwa baba yake Elie.

Baba Elie ni mtu mfupi, mpole, anayesoma matangazo kanisani kila Jumapili. Kabla ya kila tangazo husafisha koo mara mbili, hata kama koo halina kitu. Watoto humwigiza nyuma ya gari. Kuhusu kazi yake, alikuwa akisema tu kwamba anafanya kazi nyumbani, kwenye simu. Tulidhani anapokea malalamiko ya wateja wa kampuni fulani.

Kwetu mkwe hazoewi. Tangu familia mbili zilipokubaliana, mama hali chakula mbele ya Baba Elie. Hamtazami usoni. Wakikutana kwenye korido ya kanisa, mama husogea ukutani na kuinama kidogo, naye Baba Elie hugeukia upande wa pili, na wote wawili huonekana kama watu waliokumbuka ghafla kitu walichokiacha kwenye gari. Zamani nilikuwa nikiona aibu wenzangu wa shule wakiona jambo hili. Siku hizi naona ni namna mbili tu za kusema nakuheshimu: wengine hushikana mikono, sisi hukwepana.

Kisha mama akapata mimba.

Hakuipanga. Kwetu mama mwenye binti anayeposwa anatarajiwa kuwa amemaliza mambo hayo. Wanawake wangesema anashindana na mwanawe. Kwa hiyo hakusema. Koti lake la baridi ni kubwa, la kijani, tulilopewa na kanisa moja la Wazungu tulipofika, na tangu Novemba hakulivua mbele ya watu. Kanisani aliketi nalo nyuma kabisa, huku jasho likimtoka. Baba alikubali kwamba wakwe waambiwe mtoto akishazaliwa. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa, alisema, hakuna anayeweza kumwonea haya.

Huko kliniki hakukuwa na shida. Mama hajui Kiingereza zaidi ya salamu na majina ya vyakula, lakini kulikuwa na Bi Rukia, mkalimani, mwanamke wa Mombasa mwenye buibui na viatu vya theluji vya rangi ya waridi. Alikuwa akija kila mara mama alipokuwa na miadi. Humwita mama "mwanangu" ingawa wanalingana umri, na mama kwake huongea kama mto. Mimi huenda kumsindikiza tu. Siku ya kwanza kabisa mkunga aliniambia kwa upole kwamba pale watoto hawatafsiri, kwamba si haki mtoto abebe maneno ya mwili wa mama yake. Nilifurahi sana. Mimi hata kuagiza chakula dirishani huona taabu.

Jumatatu nilikuta vitenge vya mama vimeanikwa bafuni, vingi kuliko kawaida. Jumanne vingine. Nikamwuliza.

"Ile ni maneno ya wakubwa," akasema.

Baadaye, akidhani niko kwenye vitabu vyangu, alimwambia shangazi yangu kwenye simu kwamba maji yanamtoka kidogo kidogo, hayana rangi, hayasimami. Shangazi yuko Uvira. Alimwambia apumzike na kusali.

Mimi nikiogopa kitu hukisoma. Nilikuwa nimeazima maktaba kitabu kuhusu ujauzito, na kitabu kilisema maji yakianza kuvuja kabla ya wakati usingoje, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu njia iliyofunguka kwa maji imefunguka pia kwa vijidudu, na mtoto anaweza kuugua akiwa humo humo tumboni. Miezi minane ilikuwa haijatimia. Nilimsomea mama sehemu ile, nikiigeuza Kiswahili polepole, nikitazama ukurasa ili nisimtazame yeye.

Akasema, "Kesho kuko miadi. Nitamwambia Bi Rukia."

Ilikuwa mipango mizuri. Nilitulia.

Jumatano shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya baridi. Teksi ya kliniki ilikuja hata hivyo. Dereva alikuwa Msomali aliyekulia Nairobi, na aliposikia tunaongea Kiswahili alifurahi kama aliyeokota pesa.

"Mama, kaa nyuma," alisema. "Hapa mbele hita imekufa zamani. Mimi mwenyewe naendesha nikiomba dua."

Mama alitandika kitenge alichokikunja mara nne kwenye kiti kabla ya kukaa. Dereva aliona kwenye kioo.

"Usijali, kiti ni cha ngozi, hakishiki vumbi."

"Ni baridi ya mifupa," mama akajibu.

"Ah! Hiyo hata mimi ninayo. Minnesota inakula watu kuanzia mifupa."

Mama alicheka. Mimi nilitazama kitenge.

Tulipofika, mkunga alitupokea mwenyewe. Ni mwanamke mrefu mwenye nywele za kijivu, na huongea akimtazama mama, si mimi, jambo ambalo naliheshimu. Alieleza kwa ishara na maneno machache kwamba gari la Bi Rukia limekataa kuwaka. Leo tutatumia simu. Akaweka kwenye meza simu ya mezani yenye spika, akabonyeza nambari, akasema "Swahili", tukangoja.

Sauti ilikuja. Kwanza ilisafisha koo, mara mbili.

"Jambo, mama. Mimi ni mkalimani wako kwa leo. Yote yatakayosemwa hapa nitayatafsiri, na yote yatabaki siri."

Alitaja nambari yake ya kazi badala ya jina. Ndivyo wanavyofanya. Sauti ile ingeweza kutoka jimbo lolote la Marekani. Ilitoka kwa mtu ninayemsikia kila Jumapili akitangaza mazoezi ya kwaya.

Nilimtazama mama. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kupimia. Akashuka. Akaketi kwenye kiti, akakusanya miguu, akajifunga kitenge upya mpaka mabegani, akainamisha macho kuelekea kwenye simu.

Alikuwa amemtambua.

Mkunga alimwomba atamke jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Mama alitamka kwa sauti ndogo. Kwenye simu kukawa na kimya, si kirefu, lakini mimi nilikuwa nakisubiri. Kisha Baba Elie akatafsiri jina kama jina la mtu yeyote.

Nimefikiri sana juu ya kimya kile. Labda kazi yake ilimtaka aseme pale pale kwamba anamfahamu mgonjwa. Lakini angesema hivyo, mama angejua hakika kwamba mkwe wake amejua. Akinyamaza, kila mmoja angeweza kudai hakumjua mwenzake. Nadhani alichagua kumkwepa kwenye korido, kama kawaida yao, ila safari hii korido ilikuwa ya sauti.

Maswali yakaanza. Mtoto anacheza?

"Iko anacheza."

Unaumwa kichwa? Unaona ukungu?

"Hapana. Niko muzuri."

Umebeba mimba mara ngapi kwa jumla?

Mama alitaja sisi tulio hai tu. Bi Rukia anawajua wengine wawili, waliobaki kambini chini ya udongo. Baba Elie alitafsiri idadi ile bila kuongeza kitu.

Kuna damu, au maji, yanayotoka chini?

Baba Elie alisafisha koo. Alilitafsiri swali lote, neno kwa neno, kwa sauti kavu kama anasoma tangazo. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Mama alitazama sakafu.

"Hapana. Hakuna kitu. Tunamushukuru Mungu."

"No, nothing. We thank God," ikasema simu.

Mkunga akaandika.

Nilijua nilichopaswa kufanya. Nilipaswa kusema kwa Kiingereza kwamba si kweli. Lakini Kiingereza hakikuwa maficho. Mtu aliyekuwa ndani ya simu anakijua kuliko mimi. Chochote ambacho ningesema ningekisema mbele ya mkwe wa mama, na mama angekaa pale, mwanawe akimvua nguo kwa lugha nyingine. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nadhani mkunga aliona, akanitabasamia, akidhani nataka kunywa maji.

Kisha akamwomba mama alale kitandani, afunue tumbo, ili yeye mkunga asikilize moyo wa mtoto.

Mama hakutikisika. Alitazama simu.

Baba Elie akarudia ombi la mkunga. Mama akasema, "Ndiyo, naelewa," akabaki kitini. Mkunga akasubiri. Kisha mama akainuka, akatoa mtandio wake shingoni, akaenda mezani, akaifunika simu. Aliifunika vizuri, pembe zote, kama mtu anavyofunika chakula nzi wasikiguse. Ndipo akapanda kitandani.

Mkunga alicheka kidogo. Alidhani ni utani, au pengine desturi fulani dhidi ya mashine. Akapaka jeli, akaweka kipimo. Moyo wa mtoto ulisikika, mwepesi na wa haraka. Mkunga akasema uko vizuri. Kutoka chini ya mtandio, mkalimani akasema uko vizuri.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Ningekuwa mkunga, mimi pia ningeridhika. Moyo unapiga, mama anasema hakuna kitu, mtu anayejua lugha zote mbili anathibitisha. Kila mtu katika chumba kile alikuwa anafanya kazi yake vizuri, na tulikuwa tunakaribia kurudishwa nyumbani.

Mkunga alitoka kuchukua karatasi za miadi ijayo. Nikamfuata koridoni. Sijui miguu ilitoka wapi. Nilimwambia, kwa Kiingereza, kwamba tafadhali, tunaweza kupata mkalimani mwanamke?

Aliuliza kama kuna tatizo.

Nikasema mama anaona haya.

Nilisema nusu. Nilitaka yale mengine ayaseme mama mwenyewe, na nilidhani nusu ingetosha.

Mkunga ni mtu mwenye taratibu nzuri, na utaratibu unasema mgonjwa mwenyewe ndiye huulizwa. Akarudi chumbani, akaondoa mtandio kwenye simu, akaukunja, akamkabidhi mama. Halafu akamwuliza kwa upole, akimtazama machoni: binti yako anadhani ungependa mkalimani mwanamke. Je, ungependa?

Swali lilipitia palepale kwenye simu, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Kisha Baba Elie:

"Mama, wanakuuliza kama ungependelea mkalimani mwanamke, badala yangu."

Mama alinitazama mimi kwanza. Sitaandika mtazamo ule ulikuwaje. Halafu akaigeukia simu na kuiinamia, kweli aliiinamia.

"Hapana. Huyu baba iko anasema muzuri sana. Siwezi kumukataa."

Angesemaje kitu kingine? Kumkataa mkwe hadharani, mbele ya Mzungu, mwaka wa harusi. Hata mimi nilielewa.

Naye Baba Elie ilimbidi alitafsiri hilo pia. Alilitafsiri lote, hata sifa zake mwenyewe, kwa sauti iliyokuwa inazidi kushuka. Mkunga akatabasamu. Mambo yalikuwa yamekwisha. Alinyoosha mkono kukata simu.

"The interpreter would like to speak," ikasema simu.

Wakalimani wakizungumza kwa niaba yao wenyewe hujiita hivyo, mkalimani, kana kwamba wanamzungumzia mtu aliyesimama pembeni. Alisema mkalimani anaomba aondolewe kwenye simu hii. Mkalimani anaomba, tena anasisitiza, mgonjwa apewe mwanamke, na maswali yote yaulizwe upya, tangu la kwanza.

Mkunga aliuliza kwa nini.

Sababu za kikazi, alisema.

Kisha akaongea Kiswahili. "Mama, mimi natoka. Atakuja mama mwingine. Huyo umwambie yote." Akasafisha koo, mara moja tu. "Yote, mama."

Akamtafsiria mkunga hayo pia, kwa sababu alikuwa ameahidi hakuna neno litakalobaki bila kutafsiriwa. Halafu ukaja muziki wa kungojea, piano inayozunguka palepale.

Mama alijifunika uso kwa mtandio.

"Alinitambua," akasema kutoka ndani.

"Sijui, mama."

"Unajua. Weye unajua kila kitu, na kinywa chako kinafanya kazi mu korido tu."

Hilo lilikuwa kweli.

Aliyekuja baadaye alikuwa mwanamke wa Tanzania, mtu mzima kwa sauti yake, tena mchangamfu. "Habari za huko, mama! Poleni na baridi, tumewaona kwenye televisheni mnamwaga maji ya moto yanageuka barafu hewani. Haya, tuambizane."

Mama alirudi kitandani. Akakaa, akapumua. Mkunga alianza tena na swali la kwanza, lakini mama hakungoja.

"Dada yangu," akasema, "niko naloa. Tangu Jumatatu niko naloa tu."

Na yakatoka yote, maji, na wale wawili wa kambini, na homa ya asubuhi ambayo hata mimi sikuijua. Mkalimani alikuwa akisema "eeh, mama, eeh" kabla ya kutafsiri, jambo ambalo huenda haliruhusiwi. Uso wa mkunga ulibadilika, lakini mikono haikubadilika. Alipima joto. Akapima kwa kijiti kinachobadilika rangi, kikabadilika. Akapiga simu nyingine. Baada ya muda si mrefu tulikuwa ndani ya gari la wagonjwa, na mama alikuwa akilalamika kwamba viatu vyake vimebaki.

Nilimpigia Furaha kiwandani. Alijibu akinong'ona.

"Niko breki ya chakula, supavaiza ananiangalia. Mama ni sawa? Usinidanganye."

Nilimweleza kila kitu, na nani alikuwa kwenye simu.

"Baba Elie? Baba Elie *wetu*?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Alisikia yote?"

"Hapana. Ndiyo sababu alitoka."

Akaanza kulia, na sikuweza kujua analia kwa ajili ya mama, au mtoto, au harusi. Pengine naye hakujua.

Hospitali walimpa mama dawa kwenye mshipa. Walisema vijidudu vilikuwa vimeanza safari. Walisema pia, kupitia skrini yenye mkalimani mwanamke mwingine, kwamba kama tungechelewa siku moja au mbili zaidi, wasingependa kutabiri yangekuwaje. Daktari alilisema kwa utulivu na sasa nami naliandika kwa utulivu. Waliamua mtoto atoke. Alitoka Alhamisi kabla ya mchana, mvulana, mdogo, rangi ya viazi vitamu vilivyomenywa, akiwa na hasira. Yuko kwenye chumba cha joto, ghorofa ya chini yetu. Anapumua mwenyewe. Nimemshika mara moja. Uzito wake haukufika wa kamusi yangu.

Mama hakuuliza habari za mkwe. Ijumaa tu, akinywa chai, alisema bila kunitazama, "Baba Elie hajui kitu. Na weye hujui kitu. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Kisha nikaomba ruhusa ya kuandika, na yeye akauliza lile swali la uso.

Leo baba amekuja hapa moja kwa moja kutoka kanisani, na tai yake. Alisema sasa wakwe lazima waambiwe, mtoto ameshazaliwa, hakuna tena aibu. Baba hajui yaliyotokea kliniki. Hakuna aliyemwambia. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akaweka simu kwenye spika kwa sababu hupenda sote tusikie habari njema, akampigia Baba Elie.

Mama alinitazama. Mimi nilitazama dirishani.

"Baba Elie, shikamoo mukwe wangu."

"Marahaba, ndugu, marahaba. Leo umetoka mbio kanisani, kuko nini?"

"Nina habari. Mungu ametukumbuka. Mama Furaha amejifungua. Mutoto mwanaume."

Simu ikasafisha koo, mara mbili.

"Weeee!" ikapiga kelele. "Amejifungua? Mama Furaha? Kumbe alikuwa na mimba? Lini? Sisi tunamwona kila Jumapili na koti, tunasema baridi! Mama Elie! Mama Elie, kuja usikie maajabu! Mungu asifiwe! Mimi sikujua kitu, ndugu yangu, hata kidogo, hata kidogo!"

Nimemsikia mtu huyu akisoma matangazo kwa miaka mitatu. Sikujua kwamba ana sauti ile. Alipiga makofi. Alimwuliza baba maswali ambayo majibu yake mengine alikuwa ameyatafsiri kwa mdomo wake Jumatano. Mtoto ana hali gani? Na mama, aliwahi hospitali kwa wakati? Kwa swali hili la mwisho aliacha kupiga makofi. Baba alisema aliwahi. "Aliwahi," Baba Elie akarudia, polepole. "Asante Mungu. Aliwahi."

Baba alikuwa ameshiba furaha, hakuona kitu. Nyuma yake mama alikuwa amejifunika kitenge gubigubi, na kitanda kizima kilikuwa kinatikisika. Nesi aliyekuja kubadilisha dawa alisimama akaniuliza, kwa wasiwasi, kama mama ana maumivu.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia anacheka.

Na alikuwa anacheka kweli. Alicheka mpaka akashika tumbo, na alipofunua uso ulikuwa umelowa.

"Yule muzee," akanong'ona baba alipotoka kwenda kumwona mtoto, "anadanganya vibaya sana." Akajifuta macho. "Mukwe mwema."

Akalala.

Sasa nafikiria jambo moja tu. Kanisani kwetu kuna wanawake wengi, na kliniki ni nyingi, na wanaume wanaojua lugha zote mbili ni wachache. Sauti ile itakuwa imekaa kwenye meza nyingi. Sasa naelewa kwa nini alisema tu kwamba anafanya kazi nyumbani, kwenye simu. Kila Jumapili husimama mbele yetu, anatutazama, anasafisha koo, anatangaza mazoezi ya kwaya.

Ni habari za wangapi kati yetu anazojifanya hazijui? Na nikikutana naye koridoni Jumapili ijayo, nitamshukuruje bila kumtazama?